Malafu ya Yaya Jean-Marie na Sikio la Asani

Habari ilinikuta kwenye ua wa parokia, hapa Kasongo, nikikunja vitambaa vya altare baada ya misa ya kwanza. Aliyeileta ni Pitchou, binamu yetu, kwa baisikeli. Alikuwa hana shati. Sijawahi kumwona Pitchou akiingia uani pa kanisa bila shati, kwa hiyo moyo wangu ulijua kabla ya masikio. Aliiacha baisikeli ianguke yenyewe, akasimama mbele yangu akihema.

"Dada Chimène, yaya ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Kwenye mchikichi. Ule wa pili, wa karibu na bwawa."

"Ameumia wapi?"

Nikamuuliza tena, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Badala ya kujibu alishika ncha mbili za kitambaa nilichokuwa nacho, akaanza kukunja pamoja nami, kana kwamba hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Tulikunja hadi mwisho. Kitambaa kilipokuwa kidogo mikononi mwangu, nilikaa chini kwenye vumbi.

Kwetu Maniema, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Jean-Marie alinitangulia kwa mbali, na baba yetu alipofariki alikuwa kwangu yaya na baba pia. Mimi nilisoma hadi nikamaliza sekondari kwa sababu yeye alipanda miti. Alikuwa mgema wa malafu, mvinyo ule mweupe wa mchikichi ambao kila mtu wa hapa anaujua. Naandika habari zake kwa ajili ya watoto wake na kwa ajili ya Wakristo wa mtaa wetu waliosali naye, kwa maana wengi wanajua alivyokufa, na wachache wanajua alivyoishi.

Tulizaliwa upande wa Nyangwe, kando ya Lualaba. Wavulana wenzake walikwenda kwenye mitumbwi. Yeye mto ulimtia hofu, akamfuata mjomba wetu aliyekuwa mgema. Mjomba alimfundisha kufunga kamba ya kupandia kiunoni, kukata kikonyo cha ua la mchikichi bila kukijeruhi, na kutega kibuyu chini yake. Yaya alikuwa akisema kwamba huko juu mtu yuko peke yake na Mungu na matone. Alikaa akisikiliza matone yakiingia kibuyuni, na aliporudi chini alitafuta sauti ile ile kwenye likembe alilojitengenezea mwenyewe, ubao mdogo wenye ndimi za chuma alizozikata kwenye spoku za baisikeli iliyokufa. Mama alilalamika kwamba mtoto huyu ana vidole gumba viwili tu, mwili mwingine wote ni bure.

Alipooa Ernestine alihamia Kasongo, akajenga nyumba ya udongo kwenye njia ya kwenda Nyangwe, mahali ambapo michikichi ilikuwa tayari imekua. Hapo ndipo Asani alipomkuta.

Asani ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa karibu na msikiti. Alikuwa mkulima, na kwenye arusi alipiga zeze, ule ufito wenye nyuzi na kibuyu ambao mpigaji anaukandamiza kifuani. Pombe hajawahi kuitia mdomoni maisha yake yote. Siku hiyo alikuwa anapita, mvua ikamkimbiza hadi barazani kwa yaya, na yaya akamkaribisha ndani. Kibuyu cha malafu ya asubuhi kilikuwa sakafuni, karibu na kiti alichopewa. Malafu yakiwa mapya hayatulii, yanachemka polepole yenyewe, povu linapanda na kupasuka. Asani aliinama.

"Nani iko naongea humu ndani?" aliuliza.

"Ni malafu," yaya alisema. "Usiogope, haikuiti wewe."

"Inaongea haraka haraka, kama wamama wanatoka sokoni."

Akatoa zeze lake kwenye kitambaa, akaifuata ile sauti. Hakuwa na wimbo kichwani, Ernestine anasema. Alikifuata kibuyu tu, na wimbo ukatokea. Yaya alikwenda kuchukua likembe lake bila kusema neno. Mvua ilikoma na mgeni hakuondoka.

Ndivyo kilivyoanza kile tulichokiita kikao cha masikio. Kila Jumapili baada ya misa, watu wachache, wale tu ambao chumba cha mbele kiliwatosha, walikaa kwenye mikeka na viti. Yaya alifunga dirisha na mlango, ili sauti isitoroke. Pitchou alikuwa na filimbi yake ya mwanzi, yaya likembe, Asani zeze. Ngoma haikuingia humo kamwe. Yaya alileta vibuyu vyake kimoja kimoja: cha asubuhi, kitamu kama maji ya muwa, cha jana, kilichoanza kuuma ulimi, na mwisho kile kikali ambacho wanaume walikisubiri wakijifanya hawakisubiri. Kila kibuyu kiliwekwa kwanza mbele ya Asani. Asani alinawa mikono, akaweka sikio kwenye mdomo wa kibuyu, akasikiliza. Hakuna aliyekohoa. Kisha alisema maneno machache. "Huyu iko na wasiwasi." "Huyu amezeeka, anakumbuka mambo." Ndipo akapiga uzi wa kwanza, na yaya na Pitchou wakaingia nyuma yake.

Sisi tulijaziwa vikombe, lakini sheria ilikuwa kwamba hakuna anayemeza kabla wimbo haujaanza. Kunywa bila wimbo yaya alikuita kunywa kavu, na nyumbani kwake hakuna aliyekunywa kavu, hata yeye mwenyewe, hata siku za kazi. Kama Asani hayupo, alijipigia likembe kidogo kwa mkono mmoja, akanywa kwa mkono mwingine. Nami ninayeandika nashuhudia kwamba malafu ya kibuyu kile kile yalikuwa na ladha nyingine wimbo ulipoingia. Utamu uliokuwa umejificha nyuma ya ukali ulitoka mbele. Sijui kulieleza jambo hilo vizuri zaidi. Nilimshukuru Mungu kwa hilo wakati ule, na namshukuru sasa.

Walitaniana sana mle ndani. Mwalimu Serge, jirani yetu, alipenda kumchokoza Asani.

"Wee Asani, wewe ndiye mulevi mukubwa kuliko sisi. Unalewa kwa masikio!"

"Mwalimu, mimi nikitoka hapa narudi nyumbani nimenyooka. Wewe baisikeli ndiyo inakusukuma."

Hata nyumbani kwake Asani hakuwa na amani kamili kwa sababu ya kikao hiki. Mdogo wake Kamaldine, mtu wa sala zote tano, alimwambia mbele yetu barabarani kwamba ni aibu kukaa na walevi. Asani alimjibu bila hasira: "Nakaa na ndugu yangu. Pombe ni yake, sauti ni yangu. Mungu anajua kutenganisha." Kamaldine alishika njia yake, lakini hakukubali.

Lazima niseme pia habari ya chupa, kwa sababu bila hiyo mtu hataelewa mwisho. Jumapili moja Mwalimu Serge alimleta shemeji yake aliyetoka Bukavu, mtu mpole, mwenye viatu vizuri. Yule mgeni alikuja na zawadi, chupa ya divai nyekundu ya zabibu, iliyofungwa kwa kizibo. Yaya aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya Asani kama alivyoweka vibuyu. Asani akanawa, akainama, akatega sikio kwenye chupa. Tulingoja. Akasema, "Huyu amekufa."

Watu waliangua kicheko. Serge akasema, "Imefungwa, mzee, itasemaje? Fungueni kwanza!" Wakafungua. Asani akatega tena, sikio la kuume, kisha la kushoto.

"Amekufa kabisa. Munataka kunywa maiti?"

"Mzee," mgeni alisema, naye akicheka, "hii divai imekaa ndani ya chupa miaka mingi. Ndiyo sababu ni nzuri."

"Miaka mingi bila kusema neno? Basi iko na kinyongo."

Tulicheka hadi Ernestine alitoka jikoni kuuliza nini kimetokea. Zeze halikulia. Yaya alirudisha kizibo, akamrudishia mgeni chupa yake kwa heshima pamoja na kibuyu kizima cha malafu ya asubuhi juu yake. Mgeni hakukasirika. Na kwa miaka yote iliyofuata, mtu akiwa mkimya kikaoni, tulimwambia, "Wewe leo umekuwa divai ya Bukavu."

Mwaka huu dada mkubwa wa Asani, aliyeolewa Wamaza, aliugua. Wamaza ni mbali, upande wa Kabambare, ni safari ya pikipiki na ya miguu pia. Asani akaenda kumuuguza na kumlimia. Jumapili ya mwisho kabla ya safari, kikao kilipokwisha, wawili hao walisimama mlangoni, nami nilikuwa nakusanya vikombe.

"Ukiwa huko, mimi ninywe na nani?" yaya alisema.

"Piga likembe lako, si uko na vidole?"

"Sikiliza, Asani. Mimi ni mutu wa miti. Nikitangulia, kibuyu changu cha mwisho kisinywewe kavu. Unakuja, unakisikiliza, unakipa wimbo wake. Kisha waninyanyue."

"Nitakuja. Hata nikiwa mwisho wa dunia."

"Wamaza ndiyo mwisho wa dunia."

Walicheka, wakapeana mikono, wakaachana. Ernestine alikuwa nyuma yangu na sufuria mkononi. Aliyasikia yote kama nilivyoyasikia mimi.

Asubuhi ya kifo chake yaya alipanda mchikichi wa kwanza, akashusha kibuyu kilichojaa, akakifunga kwenye baisikeli yake kwa mpira, akakiziba kwa majani. Kisha akaenda kwenye mti wa pili. Kamba ndiyo iliyokatika. Pitchou, aliyekuwa akilima karibu, alisikia mshindo. Wanaume walimbeba yaya nyumbani juu ya mlango, na mtu mmoja akasukuma baisikeli nyuma yao, kibuyu kikiwa juu yake, povu likitoka kwenye majani.

Nilipofika, wamama walikuwa wamekwisha kumlaza chumba cha mbele. Uso wake ulikuwa mzima. Nilipiga magoti pembeni yake, nikashika rozari, na maneno ya sala niliyoyajua tangu utoto hayakuja. Ernestine hakuwa analia. Alikuwa amekaa ukutani, kile kibuyu kikiwa kati ya miguu yake, amekikumbatia.

"Chimène," aliniambia, "hiki ndicho cha mwisho. Sitaki kinywewe kavu, wala kimwagwe. Asani aje."

Nilimwelewa. Mume wake hakuacha shamba kubwa wala nyumba ya mabati. Aliacha ombi moja tu, na yeye ndiye aliyebaki wa kulitimiza.

Aliyepiga simu ni Kamaldine. Alikuja kutoa pole, akasimama mlangoni bila kuingia, akatusikia tukiulizana namna ya kufikisha habari Wamaza. Bila kuombwa alipanda hadi kilimani ambako rezo, mtandao wa simu, inakamata, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema tu, "Anatoka sasa hivi. Mumungoje."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hapa kwetu maiti hangoji. Joto ni kali, na mahali pa kumhifadhi hakuna. Padri François, paroko wetu, alitaka tuzike kesho yake, na wazee wa familia waliona vivyo hivyo. Ernestine aliinuka, akapiga magoti mbele yao.

"Baba, nawaomba keshokutwa asubuhi. Asani asipofika, nitanyamaza."

"Mama Darlène," Padri alimwambia kwa upole, akimwita kwa jina la mtoto wake, "Asani ataomboleza hata akikuta kaburi."

"Ataomboleza, Padri. Lakini Jean-Marie alimwomba aje kabla hatujamnyanyua."

Wazee walinong'onezana, wakakubali. Walituma vijana wakate majani ya migomba na kuleta mchanga wenye maji, wakampoza yaya kama walivyoweza. Mungu awabariki.

Yaya waliweza kumngojesha. Malafu hayangoji mtu. Yanayotoka mtini asubuhi ni matamu. Kesho yake yanauma. Keshokutwa ni siki, hata nzi hawayataki. Ernestine aliyajua hayo kuliko sisi wote, kwa kuwa ndiye aliyeyauza. Alasiri ile nilimfuata jikoni. Alikuwa amewasha moto na kuweka sufuria safi, ile ya maziwa.

"Unapika nini, mama Darlène?"

"Nachemsha. Si tunachemshia wazazi wanaonyonyesha? Ikichemshwa haiharibiki. Inabaki tamu ya asubuhi hata siku tatu. Asani atakuta kitu cha mume wangu, hatakuta siki."

Ni kweli, ndivyo wanawake wa hapa wanavyofanya. Niliona ni akili nzuri, nikamshukuru Mungu aliyempa akili katikati ya msiba. Nilimpepea moto. Povu lilipanda hadi ukingoni mwa sufuria, akaliondoa kwa kijiko. Likapanda tena kidogo, kisha likashuka, halikurudi. Hakuonja, kwa sababu kuonja kungekuwa kunywa kavu. Alinusa tu mvuke, akafumba macho. "Ni yenyewe," alisema. Yalipopoa aliyarudisha ndani ya kibuyu, akaziba kwa jani jipya, akakiweka kichwani pa yaya.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Watu walijaa uani chini ya turubai, wanakwaya waliimba nyimbo za marehemu, watoto wakalala mapajani. Darlène, binti yake mkubwa, alikaa na likembe la baba yake mapajani bila kuligusa. Kamaldine alipanda kilimani na kushuka. Mara ya kwanza alisema pikipiki imekwama kwenye matope. Mara ya pili alisema mto umebeba magogo ya daraja, mwenye pikipiki amerudi, Asani amevuka kwa miguu na anaendelea.

"Maji yalimfika wapi?" nilimuuliza.

"Kifuani. Zeze alilibeba juu ya kichwa." Akatazama pembeni. "Mutu mzima vile. Kwa ajili ya pombe."

Lakini alipanda tena kilimani.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imekatika. Jeneza lilikuwa tayari, limechongwa na fundi wa parokia, na misa ilisomwa uani. Nilisikiliza mahubiri nikitazama barabara, Mungu anisamehe. Tulipofika kwenye baraka ya mwisho, Ernestine alikuwa bado hajageuza uso kutoka kwenye njia. Wabebaji walisimama. Mzee mmoja alimgusa bega, akamwambia, "Mama, tumengoja." Ernestine aliitikia kwa kichwa.

Hapo watu wa nyuma wakaachana, na Asani akatokea. Sikumtambua mara moja. Matope yalikuwa yamemfika kiunoni, mguu mmoja hauna kiatu. Begani alikuwa na zeze, limefungwa ndani ya plastiki, halina hata tone la maji. Watu walitaka kumpa kiti, wakataka kumpa maji ya kunywa. Alikataa kwa mkono.

"Kibuyu kiko wapi?" aliuliza.

Wabebaji walirudisha jeneza chumba cha mbele. Padri mwenyewe aliwaambia warudishe, akavua stola ya misa shingoni, akakaa kwenye kiti kati yetu. Walioingia ni wale wale wa siku zote, pamoja na watoto, na Kamaldine ambaye hakuwahi kuvuka mlango ule. Pitchou alifunga dirisha na mlango. Asani alinawa mikono, akanawa tena kwa sababu matope hayakutoka, akakaa mahali pake. Alifungua zeze, akajaribu nyuzi, akazikaza. Ernestine alileta kibuyu kwa mikono miwili na kukiweka mbele yake, akang'oa jani. Harufu tamu ya asubuhi ilitoka, ikajaa chumbani. Darlène aliisikia harufu hiyo akaanza kulia kwa sauti, mtu akamshika.

Asani aliinama, akatega sikio.

Tulingoja kama tulivyongoja Jumapili zote. Pitchou alikuwa ameiinua filimbi hadi mdomoni. Asani alikiinua kibuyu kidogo, akakitikisa taratibu kama mtu anayemwamsha mtoto, akatega sikio la pili. Nilimwona akifumba macho na kukunja uso, akitafuta. Kisha akaingiza kidole, akakitazama. Hakukuwa na povu kidoleni.

Ernestine alikuwa amepiga magoti upande wa pili. "Nilikutunzia, Papa Asani," alisema. "Nilichemsha, isiharibike. Iko tamu ile ile."

Pitchou alishusha filimbi. Mimi pia nilielewa wakati huo, na nadhani chumba kizima kilielewa. Sisi tuliyajua malafu ya yaya kwa ulimi, na kwa ulimi yalikuwa yametunzwa vizuri sana. Asani hakuwahi kuyajua kwa ulimi. Mwalimu Serge aliinamisha kichwa, akatazama sakafu. Nilijua anakumbuka chupa, kwa sababu nami nilikuwa naikumbuka. Neno lile lilikuwa chumbani nasi. Asani hakulisema.

"Inasema nini?" Ernestine aliuliza.

Asani aliweka kiganja juu ya kibuyu. "Umeitunza vizuri, mama Darlène. Hakuna mutu angeitunza hivi."

"Inasema nini, Papa Asani?"

"Haisemi, mama."

Ernestine alitazama kibuyu, akatazama mikono yake. Nilimwona akifika mahali tulipokuwa sisi. "Moto," alisema. "Mimi na moto wangu."

"Njia ndiyo ilikuwa ndefu," Asani alimwambia. "Kama ungeacha, ningekuta siki. Siki nayo haina la kusema."

"Basi piga wimbo wowote. Nyimbo unazo nyingi. Piga ule wa asubuhi."

"Piga, kaka," Kamaldine alisema kutoka mlangoni. "Umetembea kwa ajili hiyo. Piga."

Asani aliliweka zeze kifuani. Aligusa uzi mmoja, ukalia, wazi, peke yake. Tulingoja wa pili. Alikaa vile, kidole hewani, kisha akaufunika ule uzi kwa kiganja hadi ukanyamaza.

"Humu ndani sikuwahi kuchagua wimbo mimi," alisema. "Ni yeye alileta, mimi nilifuata. Leo nikichagua, nitakuwa namudanganya mbele yake." Akamgeukia yaya, akaweka mkono juu ya jeneza. "Ndugu yangu, nimekuja. Nimefika."

Kisha akalia, na sikuwahi kumwona mwanamume akilia vile. Padri François aliinuka, akasema sala fupi. Pitchou alifungua dirisha na mlango.

Tulimzika yaya Jean-Marie kwenye makaburi ya Wakristo, upande wenye michikichi. Wabebaji walimshusha kwa kamba mbili. Padri alibariki kaburi, kwaya ikaimba. Watoto wake walitupa udongo kwanza, Darlène akiwa wa kwanza, kisha mimi, kisha Pitchou, kisha Mwalimu Serge. Asani alitupa kwa mkono wa kuume, mara tatu. Kamaldine alisimama kando, viganja vimefunguka, akamwombea kwa namna ya dini yake. Ernestine hakukubali mtu yeyote anywe. Alimimina kibuyu chote juu ya udongo, polepole, kuanzia kichwani hadi miguuni. Hakuna povu lililotokea. Udongo ulikunywa. Alikiweka kibuyu kitupu karibu na msalaba, akakiinamisha mdomo chini.

Asani alisimama hapo na zeze ndani ya plastiki mpaka wachimbaji walipomaliza kusawazisha. Halafu tulirudi nyumbani, tukanawa mikono kwenye beseni lililowekwa mlangoni, mmoja baada ya mwingine, na Ernestine alinawa wa mwisho.